Vitufe vya mkato na wenyewe

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kinachobeba Kiswahili. Chapa sentensi moja ya kawaida, "Mama alimwandalia baba chakula", kisha hesabu. Herufi ni 27, na 10 kati yake ni a. Zote zinaangukia kidole kimoja, tena kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Anayechapa Kiingereza herufi yake ya kila mara ni e, na e ni ya kidole cha kati, chenye nguvu zake. Sisi tumepata a. Waliounda kibodi wakaona hiyo ni kazi ndogo, wakakiongezea kidole hicho hicho Shift, Tab, Caps Lock, na kule chini pembeni kabisa, Ctrl.

Mie ni mchapaji na mhariri, nakaa Makorora hapa Tanga. Mikononi mwangu zinapita barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vikundi, vijitabu vya dini, na tenzi za wazee wanaotaka maneno yao yachapwe wangali hai. Kutwa niko ndani ya Emacs, kihariri cha matini tupu; mambo ya fonti na mapambo nayaacha mpaka mwisho, wakati wa kupanga kurasa. Emacs inaendeshwa kwa vitufe vya mkato. Kuhifadhi ni Ctrl+X kisha Ctrl+S. Kukata ni Ctrl+W. Kwenda mwanzo wa mstari ni Ctrl+A. Karibu kila jambo linaanza na Ctrl, na Ctrl iko chini ya kidole ambacho a zimeshakichosha tangu asubuhi. Ilipofika mahali kidole kinawaka usiku na mama ananipaka mafuta ya karafuu, nikaanza kuitazama kibodi yenyewe.

La kwanza lilikuwa lile wanalolifanya watumiaji wengi wa Emacs: Caps Lock nimeigeuza kuwa Ctrl. Hapo kidole hakisafiri, kinasogea tu pembeni ya a. Na wala si uzushi wa vijana. Vi, babu wa Vim (kihariri kingine cha matini, mpinzani wa Emacs), iliandikwa na Bill Joy mwaka 1976 kwenye terminali ya ADM-3A, yaani skrini na kibodi vya kuongea na kompyuta kubwa. Katika kibodi ya mashine ile Ctrl ilikaa pale pale ambapo leo pana Caps Lock, Esc ilikaa mahali pa Tab, na mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Emacs nayo ilianza mwaka huo huo wa 1976 katika chuo cha MIT, Marekani, na kibodi za mashine za Lisp (kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya lugha ya programu ya Lisp) walizokuja kuzitumia watu wake zilikuwa na Ctrl ubavuni mwa kitufe cha nafasi, karibu na kidole gumba. Kompyuta ya IBM PC, ya 1981, bado ilikuwa na Ctrl jirani na a. Ni ile kibodi ya vitufe 101, iliyokuja katikati ya miaka ya 1980, ndiyo iliyoisukuma Ctrl kwenye kona. Mikato tunayoichapa leo ilikatwa kwa ajili ya kibodi nyingine kabisa.

Tatizo ni kwamba kwetu Caps Lock ina kazi. Nani amewahi kupeleka barua ofisini bila "YAH:" na kichwa chake kwa herufi kubwa, kimepigwa mstari chini? Mteja anasimama nyuma ya kiti chako anasubiri aione hiyo YAH kabla hajakuamini. Kwenye mfumo endeshi wa Linux upo mpangilio unaofanya Shift zote mbili zikibonyezwa kwa pamoja ziwe ndiyo Caps Lock, na huo nimeuwasha kwa ajili ya wageni. Mwenyewe nachapa kwa herufi ndogo "yah: maombi ya kazi ya udereva", narudi mwanzo wa mstari, kisha Alt+U neno kwa neno, kila neno linainuka. Ukiwa na mistari mingi, unaichagua na kupiga Ctrl+X kisha Ctrl+U. Mara ya kwanza Emacs itakuuliza kama una hakika, kwa sababu amri hiyo huja imefungwa ili isiwashtue wageni. Wa Vim wao wana gUU, mstari mzima unapanda mara moja. Hiyo nawaonea wivu.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ilitoka Ujerumani. Atakayenunua mashine za namna hii (na wengi wetu ndizo tunazoziweza) ajue ushauri mwingi wa kwenye mtandao uliandikwa kwa kibodi ya Kimarekani. Katika kibodi ya Kijerumani Z na Y zimebadilishana mahali, mabano ya mraba yanapatikana kwa AltGr (Alt ya kulia) na namba, na Ctrl imeandikwa Strg. Mpwa wangu, ambaye jioni ndiye mwenye mashine, alipoiona mara ya kwanza:

"Mjomba, hii Strg ni ya nini?"

"Ndiyo Ctrl ya Wajerumani, mwanangu. Hapa kwetu walituachia reli, kibodi hawakuacha."

Nimeiwekea mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo sasa maandishi ya juu ya vitufe ni ya uongo na vidole ndivyo vinavyojua ukweli. Ila kibodi za Ulaya zina zawadi moja. Shift ya kushoto ni fupi, na kati yake na Z kuna kitufe cha ziada chenye alama za < na >. Ukiweka mpangilio wa Kimarekani kitufe hicho kinakuwa hakina kazi, maana alama hizo unazo tayari kwenye vitufe vya nukta na alama ya mkato (,) kwa Shift. Changu nimeuambia mfumo ukitambue kama Hyper. Hyper ni kitufe cha enzi zile zile za mashine za Lisp. Emacs bado inakikumbuka. Programu nyingine za leo hazikijui kabisa. Chochote utakachokiweka kwenye Hyper hakigongani na mtu.

Kugongana ndiko kunakowasumbua watu kuliko maumivu. Unaweka mkato wako vizuri, unaubonyeza, na kinatokea kitu kingine, au hakitokei kitu. Watu wanadhani mipangilio yao ni mibovu. Mara nyingi mipangilio ni sawa, ila kitufe kimeshachukuliwa njiani. Wa kwanza kukiona ni mfumo endeshi pamoja na eneokazi lake. Wakikitaka, wanakibeba, na kihariri hakisikii lolote. Kisichokuwa chao kinakwenda kwenye dirisha lililo mbele. Likiwa ni terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nayo inatoa chake. Ndani ya terminali kukiwa na tmux, programu ya kuigawa terminali moja kuwa nyingi, tmux inachukua Ctrl+B, ambayo kwa Emacs ni kurudi herufi moja nyuma. Kinachobaki ndicho kinachofika kwenye kihariri, na huko ndani modi ndogo (nyongeza unazoziwasha) hutangulia modi kuu (ile ya aina ya faili), modi kuu hutangulia mipangilio ya jumla. Ni kiwanja kilichouzwa mara mbili: karatasi unayo, lakini mwenzio ameshajenga.

Mfano wangu mbaya kuliko yote ni wa Kiarabu. Vijitabu vya dua vinataka maandishi ya Kiarabu kati ya mistari ya Kiswahili, kwa hiyo kibodi mbili zilikuwa zimewekwa kwenye mashine, na kubadilisha ilikuwa Alt+Shift. Sasa kwenda mwanzo wa faili katika Emacs ni Alt na alama ya <, na hiyo < kwenye kibodi ya Kimarekani inahitaji Shift. Yaani Alt+Shift na alama ya mkato (,). Kabla sijaifikia alama hiyo, mfumo umeshasikia Alt+Shift na kunihamishia Kiarabu. Nilitaka mwanzo wa faili, najikuta naandika kutoka kulia. Na ukishakuwa kwenye Kiarabu cha mfumo, hata Ctrl+X haifanyi kazi, kwa sababu mahali pa x pana hamza, na Emacs inakuambia waziwazi kwamba Ctrl na hamza haina maana kwake.

Dawa yake iko ndani ya Emacs yenyewe. Ina njia yake ya kuingiza Kiarabu, inayowashwa na kuzimwa kwa Ctrl na mkwaju wa nyuma (\). Herufi unazochapa zinatoka za Kiarabu, lakini mfumo unaendelea kuamini uko kwenye kibodi ya Kimarekani, hivyo mikato yote inabaki hai. Kibodi ya Kiarabu ya mfumo nimeiondoa kabisa.

Wanaotumia Windows wana mtego wao. Windows huihesabu AltGr kama Ctrl+Alt. Kwenye mpangilio wa Kijerumani alama ya @ ni AltGr+Q. Weka amri yako kwenye Ctrl+Alt+Q, halafu jaribu kuandika anwani ya barua pepe uone. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nayo Ctrl+Alt+T inafungua terminali. Mie familia nzima ya Ctrl+Alt nimewaachia wao.

Terminali ina ugomvi wa aina nyingine, na huu hauna mapatano. Terminali huituma Ctrl na herufi kama namba ya herufi hiyo katika alfabeti ya Kilatini. I ni ya 9, na namba 9 ndiyo Tab. M ni ya 13, na 13 ndiyo Enter. Kwa hiyo ndani ya terminali Ctrl+I na Tab ni kitu kimoja, Ctrl+M na Enter ni kitu kimoja, na hakuna mpangilio wa kawaida wa kuvitenganisha. Ukiiwekea Ctrl+M amri yako, Enter nayo imekwenda. H ni ya 8, namba ambayo terminali nyingine huituma unapobonyeza kitufe cha kufuta, na kwa kuwa Ctrl+H katika Emacs ni kuomba msaada, wapo watu waliofuta herufi wakafunguliwa ukurasa wa msaada wa Emacs. S ni ya 19, ishara ya kale ya kuiambia mashine "subiri kwanza", na Q ni ya 17, "endelea". Umeingia kwenye seva ya mbali, umepiga Ctrl+S kwa mazoea ya kuhifadhi, skrini imeganda. Usizime mashine. Piga Ctrl+Q. Ukitaka tabia hiyo ife, amri ni stty -ixon. Na ile Hyper yangu ninayojivunia, ndani ya terminali haipiti.

Basi uweke wapi vyako? Emacs imeacha eneo kwa ajili ya mtumiaji, na limeandikwa kwenye kanuni zake: Ctrl+C ikifuatiwa na herufi moja, kubwa au ndogo, pamoja na F5 mpaka F9 zikiwa peke yake. Waandishi wa programu jalizi wanatakiwa wasiguse hapo. Wapo wakaidi, lakini wengi wanaheshimu. Ctrl+C ikifuatiwa na Ctrl nyingine ni ya modi kuu; hiyo usiivamie hata ukiikuta wazi leo, kesho utafungua faili la aina nyingine uikute ina mtu. Kabla ya kuweka kitu popote, piga Ctrl+H kisha K, halafu ubonyeze kitufe unachokitamani, na Emacs itakutajia mwenyewe. Au piga Ctrl+C peke yake kisha Ctrl+H, utaorodheshewa kila kilichopangwa chini yake.

Kwa upande wa starehe, kipimo changu ni mikono miwili. Ctrl na c vyote ni vya kushoto, kwa hiyo herufi inayofuata naipa mkono wa kulia kila inapowezekana, na iwe herufi ya neno ninalolitumia kichwani. Ctrl+C kisha K ni kamusi. Ctrl+C kisha M ni mizani, na hii ndiyo niipendayo.

Mstari wa utenzi una mizani 8. Mzee akiniletea daftari lake, kazi yangu mojawapo ni kumwambia kwa adabu mstari upi umepungua. Silabi za Kiswahili karibu zote zina irabu moja, kwa hiyo amri yangu inahesabu irabu za mstari ulio mbele ya macho na kunionesha namba chini ya skrini. "Kibodi yangu sikia": irabu 8, mizani 8, tunaendelea. Lakini "Mtoto ameamka" inatoa 6, na sikio linasema 8. M-to-to-a-me-a-m-ka. Zile m mbili zinasimama peke yake kama silabi, hazina irabu, na amri haizioni. Nilifikiria kuifundisha, nikaacha. M ya "mtoto" ni silabi, m ya "mwana" siyo, na ukiingia n ya "nchi" dhidi ya n ya "ndizi" unajikuta unaandika sarufi badala ya kuhariri. Namba inaniambia wapi pa kusimama, sikio linaamua. Kwa kazi ya namna hiyo nabonyeza mkato huo mstari hata mstari, beti hata beti, na ungekuwa mahali pa kunyoosha vidole nisingeutumia.

Amri za kurudiarudia ndizo zinazostahili vitufe vya karibu. Zile za mara moja kwa wiki hazihitaji hata mkato. Alt+X na jina lake panatosha. Tangu Emacs 28, ya mwaka 2022, kuna repeat-mode: ukishapiga Ctrl+X kisha U kutengua, unaendelea na u, u, u peke yake. Kwa kidole changu hiyo imekuwa nafuu kuliko karafuu.

Tazama pia jirani wa kitufe ni nani. Alt+W ni kunakili, na pembeni yake Alt+Q ni kupanga aya, yaani kuunganisha mistari iwe mipana sawasawa. Kwenye barua ni msaada. Kwenye utenzi, kidole kikiteleza kidogo, beti yenye mistari minne inakuwa sentensi moja ndefu. Katika mafaili yangu ya mashairi Alt+Q nimeifunga, haifanyi chochote. Ctrl+X kisha Ctrl+C nayo, inayofunga Emacs nzima, imekaa jirani mno na nyingine ninazozitumia kutwa. Nimeiwekea swali la ndiyo au hapana.

Mpwa wangu yeye ni mtu wa Vim. Ukiifungua Vim bila faili, ukurasa wake wa kwanza unaomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kuilea mpaka alipofariki mwaka 2023, aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na akaiomba dunia ilipie programu yake kwa njia hiyo. Kila nikiuona ukurasa ule naisamehe Vim mambo mengi.

Vim inataka Esc kila baada ya dakika, kukutoa kwenye kuandika na kukuingiza kwenye kuamuru, ambako kila herufi ni amri, na Esc iko mbali, hivyo kijana alifuata ushauri ulioenea: jk zikichapwa kwa kufuatana ziwe Esc. Ushauri mzuri, kwa kuwa neno lenye jk hakuna. Akaongeza na JK kubwa, isije Caps Lock ikamkwamisha. Halafu akakaa kuandika maombi yake ya kazi, akafika penye "mafunzo ya JKT Mgambo". JK ikamtoa kwenye kuandika. T na nafasi iliyofuata zikamrudisha nyuma kwenye mstari. M ikampeleka katikati ya skrini. ga ikamwonesha namba ya herufi iliyokuwa chini ya kielekezi. mb ikaweka alama. o ikafungua mstari mpya katikati ya barua na kumrudisha kwenye kuandika, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mjomba, njoo uone, kuna kitu kimeingia kwenye mashine!"

Akataka kuhamia jj. Nikamwonesha kijitabu kilichokuwa mezani, chenye "Hajj" kila ukurasa. Mie naandika hija, mwenye kitabu hataki. Herufi ambazo Kiswahili hakizitumii kabisa ni q na x, na mie x ndiyo ninayoanzia vifupisho vyangu: xmm inajifungua kuwa Mwenyezi Mungu, xsaw inakuwa Swalla Allahu alayhi wasallam. Q siigusi, ni ya kidole kile kile. Lakini kwake yeye jibu lilikuwa kwenye hesabu ya terminali. Baada ya Z, ambayo ni 26, inafuata [, yaani 27, na 27 ndiyo Esc. Ctrl+[ inafanya kazi ya Esc bila kupangwa na mtu, ndani ya kila terminali, na Ctrl yetu iko pembeni ya a. Mistari yake miwili ya jk ameifuta.

Kwa wanaotumia kihariri cha VS Code, maana najua mko wengi, piga Ctrl+K kisha Ctrl+S. Kitafunguka kisanduku cha kutafutia, na kuna alama ya kibodi ambayo ukiibofya unaweza kubonyeza mkato wenyewe badala ya kuuandika. Utaona kila amri inayoudai, pamoja na safu inayosema unafanya kazi wakati gani. Amri mbili kuwa na mkato mmoja siyo kosa huko, mradi nyakati zao zisikutane.

Nilichobakiza ni amri ya kubadilishana beti mbili, ya juu ishuke na ya chini ipande. Mstari mmoja mmoja Emacs inaweza tayari, kwa Ctrl+X kisha Ctrl+T, lakini beti nzima naihamisha kwa kukata na kubandika. B ni ya beti, ila iko kushoto. Nimeuliza kwa Ctrl+H kuhusu Ctrl+C kisha P, iko wazi, na "panga" ni neno zuri tu. Nitaiweka hapo.